Vidole Vitano vya Onni Saarela

Jumamosi, 18 Januari

Nimeiona! Nimeiona kwa macho yangu haya, na tangu saa nne asubuhi sijatulia.

Dale Sorvik, fundi wa majaribio kutoka kiwandani Minnesota, ameileta pikipiki mpya ya theluji hapa klabuni kwetu Pelkola, kando ya Ziwa Superior, juu ya trela, imefunikwa turubai. Akalivuta turubai. Watu thelathini tukasogea karibu. Haina rangi, haina jina, haina hata stika. Nyeusi tupu! Mkanda wa nyuma una meno marefu kupita kidole changu. Alipoiwasha haikupiga kelele kama zetu. Ilipumua tu. Bi Lempi Harju, ambaye kwa miaka ishirini na sita ndiye mwendesha trekta la kusawazisha njia zetu na hajawahi kusifia kitu, alisema, "Mh!" Kwa Bi Lempi hiyo ni hotuba nzima.

Sasa habari yenyewe. Dale anatafuta mwenyeji mmoja wa kuijaribu hadi theluji iishe. Sharti ni moja: awe kiongozi wa msafara wenye watu wasiopungua watano nyuma yake. Ataulizia njiani nani anaongoza nani, na Ijumaa atachagua.

Wote wakamgeukia Rudy Beauchamp. Shemeji yangu huyo, kaka yake mke wangu Arlene. Rudy ana msafara wa watu wanane, na makoti yao yanafanana! Akaniwekea mkono begani mbele za watu, akaniuliza, "Na wewe shemeji, msafara wako haujambo?" Wakacheka sana.

Msafara wangu ni mimi. Tangu rafiki yangu Wes ahamie Arizona kwa ajili ya magoti yake, huu ni mwaka wa tatu.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kanisani. Nimekaa nikitazama mkono wangu.

Mkono ndiyo lugha yetu. Ukipishana na mtu njiani, unamwonyesha vidole: idadi ya walio nyuma yako bado wanakuja. Vitano maana yake watano au zaidi. Wa mwisho hukunja ngumi: nimebaki mimi, hakuna mwingine, pita salama. Njia ni nyembamba, kona hazionekani. Bila vidole hivyo tungekuwa tumeshagongana tukaisha. Watu wa Pelkola hudanganya kuhusu samaki, kuhusu umri, kuhusu nani alianza ugomvi. Kwa mkono hawadanganyi.

Miaka mitatu nakunja ngumi. Kwenda ngumi, kurudi ngumi.

Wazo lilinijia ndani ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, nikamwaga maji yote kwenye mawe ya moto kwa furaha. Kwani nani anahesabu?

Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, na glavu zangu. Vidole vitano, kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kuongoza. Arlene akachungulia, akaniuliza namuaga nani. Nikamwambia nanyoosha misuli. Akasema, "Haya, Baba Karen, ukimaliza kuinyoosha kaondoe theluji pale mlangoni."

Jumatatu, 20 Januari

Nimefanya!

Usiku theluji ilianguka kimo cha goti. Asubuhi msitu ulikuwa kimya hivi kwamba nilizima injini nikasikiliza. Misonobari imeinama, kila tawi limebeba mzigo wake, na jua likipita katikati yake. Miaka hamsini na minane naishi hapa na bado nilivua helmeti. Ungenisikia ungenicheka. Nilisema "asante" kwa sauti.

Kisha nikasikia trekta la Bi Lempi. Nikawasha, nikampita, nikanyoosha vidole vitano. Akaitikia kwa kichwa, akasogeza trekta lake zima kando ya njia, mpaka kwenye mti, ili kuwapisha watu wangu!

Hilo sikulifikiria. Sijui alingoja muda gani. Mimi niliongeza mwendo.

Jumatano, 22 Januari

Sifa zimeenea. Leo mgahawani kwa Gladys, pasti yangu ya nyama na viazi ikaja na mchuzi wa ziada, bila kuomba. Gladys akataka kujua wageni wangu ni akina nani. Dale alikuwa kaunta, masikio yamesimama.

Nikasema ni ndugu watano kutoka Wisconsin. Merle, Floyd, Clayton, Vern, na mdogo wao Sherwin. Majina yalikuja yenyewe! Rudy akauliza mbona hakuna aliyewaona. Nikasema wana haya. Akauliza wanakula wapi. Nikasema wanabeba chakula chao kwa sababu Sherwin ana pumu. Sijui pumu ilihusiana vipi na chakula, lakini Gladys aliguswa. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Masikini, Sherwin!" Akanifungia pasti sita za kupeleka.

Nimekula mbili. Nne ziko kwenye friza ya gereji.

Ijumaa, 24 Januari

Lazima niandike kabla sijalala.

Saa tatu asubuhi Dale alinikabidhi funguo. Mimi! Mbele ya Rudy! Akasema ni ya kujaribu leo, na jioni atatangaza. Rudy alinipa mkono wa pongezi na uso wa mtu anayemeza dawa.

Jamani, ile pikipiki! Haikanyagi theluji, inaelea juu yake. Kwenye uwanda wa reli ya zamani nilifyatua kidogo tu na machozi yakanitoka, sijui kwa upepo au kwa furaha. Nilikuwa mtu mwingine. Nilimnyooshea Bi Lempi vidole vitano pale njia panda. Niliunyooshea msafara wa Rudy vidole vitano pale darajani. Hata kulungu nilimnyooshea vitano.

Saa saba Ziwa Superior likaanza kutupa theluji yake, ile ya pembeni, isiyokuonyesha hata ski za mbele za pikipiki yako. Nikarudi nyumbani kwa njia ya mkato. Saa nane niko sauna.

Saa tisa king'ora cha zimamoto.

Kumbe kuna anayehesabu! Bi Lempi ana daftari kwenye trekta lake. Siku za dhoruba huandika vidole vyote anavyoonyeshwa, na hafungi njia mpaka hesabu itimie. Watu watano waliokuwa nyuma ya Onni Saarela walitakiwa wafike njia panda. Hawakufika. Rudy akathibitisha: hata yeye alionyeshwa vitano.

Nilipofika kituoni na nywele mbichi, wilaya nzima ilikuwepo. Pikipiki themanini zimepangwa. Kina mama na masufuria ya supu. Gladys analia, anasema yule Sherwin hatamaliza saa mbili kwenye baridi hii na kifua kile. Bi Lempi akanishika koti akaniuliza, "Onni, mwanangu, uliwaacha wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, naapa. Dale alikuwa amesimama pale. Nikasema, "Upande wa ghuba."

Nimekwisha! Kwa nini nilisema ghuba?

Wakaenda ghubani. Nami nikaenda, juu ya ile nyeusi, kuwatafuta watu wangu mwenyewe. Na hapo nikaona jambo ambalo nitalikumbuka hadi kufa. Taa themanini juu ya barafu, mstari mmoja kutoka ufuko hadi ufuko, zikisogea polepole ndani ya weupe ule, na kila hatua mia zinasimama, injini zinazimwa zote kwa pamoja, na watu wanaita. Merle! Floyd! Clayton! Vern! Sherwin! Kisha kimya, wanasikiliza. Wazee wa miaka sabini. Watu ambao wiki iliyopita hawakuwa wanasalimiana. Kwa ajili ya watu watano wasiowajua! Nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaganda.

Ndipo Rudy akaona alama kwenye theluji. Ni mburuzo wa vibanda vya wavuvi vinavyokokotwa juu ya barafu, mimi nilijua, ila yeye hakujua. Akapiga kelele, "Sherwin, nakuja!" akafyatua kuelekea mlango wa mto, mahali ambapo mkondo hula barafu kwa chini na hakuna mwenyeji anayekanyaga hata kwa miguu. Rudy anajua hilo tangu utotoni. Alisahau kwa sababu ya Sherwin wangu!

Sijawahi kumshinda Rudy. Miaka thelathini, mashindano yote, sijawahi hata kuona kioo chake cha mbele. Nilibana mpini mpaka mwisho. Ile nyeusi ikaruka. Barafu ikawa inalia chini yangu. Nikamkaribia, nikamfikia, nikampita. Yeye akadhani nashindana naye akaongeza! Ningempungia mkono angefikiri namkoga.

Basi nikageuza. Nikamjia uso kwa uso, kama tunapishana njiani, na nikanyanyua mkono juu kabisa nikakunja ngumi.

Rudy akionyeshwa ngumi hushika breki kwanza, husikiliza kama kweli ndiye wa mwisho, kisha hupita. Desturi ya maisha yake yote. Akashika. Ski zetu zikagusana.

Akauliza wa mwisho nani. Nikasema mimi. Akauliza akina Merle wako wapi. Nikasema, "Shemeji, hakuna. Hakujawahi kuwa na mtu. Ni mimi tu." Akapandisha kioo cha helmeti, theluji ikamjaa kwenye nyusi.

"Na Sherwin?"

"Na Sherwin."

Nyuma yangu, hatua ishirini hivi, maji meusi yalikuwa wazi, yanafuka moshi. Tuliyatazama wote wawili. Kisha Rudy akanipiga ngumi ya bega, na haikuwa ya utani.

Nilipoingia nyumbani, Arlene alikuwa ametandika vitanda vitano sebuleni, kila kimoja na chupa ya maji moto. Cha Sherwin kilikuwa karibu na jiko. Nilimweleza. Hakunigombeza. Alikaa juu ya kitanda cha Vern, akasema, "Baba Karen, ungeniambia tu unataka mtu wa kwenda naye." Nilivitandua mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 25 Januari

Kikao cha klabu. Nilisimama mbele kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Nikaomba radhi kwa kila mtu kwa jina, na ikachukua dakika arobaini. Gladys akasema anataka pasti zake. Nikampa zile nne za friza. Akauliza mbili ziko wapi, na Rudy akajibu, "Amekula Floyd."

Dale alisimama. Nikafumba macho. Kumbe alitaka kujua ile nyeusi ilikuwaje kwenye kona kali kwa mwendo ule! Nikamweleza kwa kirefu, kwa heshima. Aliandika yote. Kisha akampa funguo Bi Lempi. Akasema ametafuta wiki nzima mtu wa kuongoza wengine, na amegundua kwamba wilaya hii yote inapita nyuma ya mwanamke mmoja.

Bi Lempi akasema, "Mh!" Akafikiri, akaongeza, "Mh!" Watu walipiga makofi mpaka theluji ikaporomoka kutoka paani.

Yeye ndiye aliyepewa kunihukumu. Hukumu: mpaka theluji iyeyuke nitatembea mkiani mwa msafara wa Rudy, mtu wa tisa, na kila nitakayepishana naye nimwonyeshe ngumi. Wengine waliona ni adhabu kali. Mimi niliinamisha kichwa wasione natabasamu. Rudy akanitupia koti. Linafanana na yao!

Nimeapa mbele ya wote. Mkono huu hautadanganya tena hadi kaburini.

Jumamosi, 1 Februari

Siku nzuri kupita zote! Baridi kavu, anga la buluu tupu, Ziwa limeganda mpaka macho yanapoishia. Wanane mbele yangu, vumbi la theluji linang'aa, na kila tukisimama Rudy anageuka kuhakikisha nipo. Anahesabu kwa sauti. Akifika kwangu anasema, "Na mkia." Sijui kwa nini neno hilo linanifurahisha hivi.

Nilikunja ngumi mara kumi na mbili. Kumi na mbili! Kwa uaminifu kabisa.

Mara ya kumi na tatu ilikuwa kwenye ile kona ya daraja. Wageni kutoka Illinois, mume na mke, wametulia kando. Wanane wamepita. Nikaja mimi. Nikaona wananitazama kwa huruma fulani, kama mtu aliyeachwa. Nikageuka kutazama nyuma. Njia ilikuwa nyeupe, tupu.

Mkono ukanyooka wenyewe.

Vidole viwili tu! Si vitano. Mtu asiseme sijajirekebisha.

Baada ya chakula cha mchana tulirudi kwa njia ileile. Wale wa Illinois walikuwa bado wamesimama pale pale, wamekumbatiana kwa baridi, wanangoja. Kando yao ile pikipiki nyeusi. Juu yake Bi Lempi, daftari mkononi, kalamu tayari. Aliwapisha wote wanane, akanisimamisha mimi. Akauliza ni akina nani.

Nilimwambia. Wanaitwa Marvin na Duane. Wapole sana, na afya zao nzuri.