Nyota Moja, Makosa Sifuri

Jumatatu, 10 Februari 2025
Kiti cha mkuu wa mradi, kile cha ofisini chenye magurudumu, kitakuwa changu! Bosi kasema: kifaa changu cha kupima joto la bani, banda la kukaushia tumbaku, kikipita wiki bila tatizo, mkuu wa mradi ni mimi. Kikishindwa, ni Josepha, mwenzangu wa ofisini. Ila kuna programu ya ukaguzi, kazi yake kunasa makosa ya memori kwenye msimbo wangu. Leo imepiga kelele arobaini na tatu. Ya kwanza nimeichunguza saa tatu nzima. Ya uongo! Basi na zilizobaki ni hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Februari
Josepha kaja kuuliza kama nimezichunguza zote. Nani kamwomba? Eti kelele za uongo hunyamazishwa moja moja, na sababu inaandikwa. Ana muda huyo. Mimi kwenye orodha ya kupuuza nimeandika alama ya nyota, yaani puuza chochote. Kimya! Makosa sifuri. Nimechapisha ukurasa huo wa matokeo, nikaubandika mbele ya meza yake.

Jumatano, 12 Februari
Leo niko Goweko, kijijini. Nimefunga kifaa kwenye bani la mkulima, Mzee Limbu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema humo ndani mna jasho lake la msimu mzima. Nikamwapia asiwe na wasiwasi. Sijafika barabarani, king'ora cha kifaa kikalia: nyuzi elfu tisa! Moto wenyewe haujawashwa. Nikamwambia azoee, ni kelele tu.

Ijumaa, 14 Februari
Mzee kapiga simu. Jana king'ora kililia mara kumi na moja. Mara moja kipimo cha joto kilisomeka MFAUME, jina langu, kwa herufi kubwa. Nimejisikia fahari kidogo. Ila kasema ameshapata dawa: king'ora kakifunga blanketi mbili. Nimemwandikia bosi: leo hakuna kelele hata moja!

Jumapili, 16 Februari
Bani la mzee liliungua jana. Tumbaku yote. King'ora kililia dakika arobaini, safari hii kweli, ndani ya blanketi. Mzee alikuwa nje anakunywa uji. Nimemhurumia, roho imeniuma. Josepha kagundua kosa lililokivuruga kifaa: ni kelele namba mbili ya Jumatatu. Kapewa kiti. Kakizungusha mara mbili, nimemwona.

Lakini jamani! Mtu mzima anazibaje king'ora bila kuchunguza kinalilia nini? Uzembe gani huu? Nimemwandikia mzee onyo la kurasa tatu.

Tangu asubuhi simu haitulii. Josepha, bosi, mzee, Josepha tena. Nimezifungia namba zote tatu. Kimya. Makosa sifuri.