Prosesa Mpya na Vibandiko Vinne

Jumatatu, 3 Juni

Leo ni siku ya historia. Nimenunua prosesa, ubongo wa kompyuta! Mtumba, lakini mtumba wa heshima. Kompyuta yetu ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi. Mke wangu, mwalimu wa darasa la sita, anaandikia humo ripoti za wanafunzi arobaini na watatu. Ijumaa asubuhi ziwe mezani kwa mwalimu mkuu. Nikamwahidi kwamba kesho atazimaliza kufumba na kufumbua. Akaniomba, kwa upole wa kutisha, nisubiri Jumamosi. Watu wengine hawana imani na maendeleo.

Kaka yake ni fundi kompyuta. Mtaa mzima unamwita Injinia, ingawa cheti sijawahi kukiona. Shemeji huyo akasema kwanza nisasishe BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta, la sivyo ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, hautaitambua prosesa mpya. Ya zamani ibaki mahali pake hadi kazi iishe. Akaniandikia masharti manne kwenye karatasi. Wivu tu! Ila karatasi imefaa. Meza ilikuwa inayumba.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza na prosesa. Kwa nini kuzunguka mbuyu? Nikaifunga vizuri kabisa. Feni ikazunguka. Kioo cheusi tii. Nikaipigapiga ubavuni. Nikaibembeleza. Wapi! Nikarudisha ile ya zamani, ikawaka. Mke wangu akauliza mbona natokwa jasho. Nikamwambia ni ukaguzi wa kawaida. Akauliza ripoti zake zipo? Zipo, ishirini na sita zimekamilika. Akanitazama kama mwanafunzi aliyesema daftari lake limeliwa na panya.

Nimeichomoa karatasi ya Injinia chini ya mguu wa meza. Matatu yanasomeka: faili la BIOS liwe la ubao huohuo hasa, fleshi iwe safi, umeme usikatike. Sharti la nne limetobolewa na mguu wa meza. Haliwezi kuwa muhimu, lingekuwa juu.

Jumatano, 5 Juni

Maandalizi ya hali ya juu. Nimeandika vibandiko vinne kwa wino mwekundu: USIGUSE! Kimoja kwenye swichi kuu, kimoja kwenye soketi, kimoja kwenye pasi, kimoja kwenye birika. Nyumba nzima ilitii. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikwenda kwenye kikao chake na gauni lenye makunyanzi.

Mke wangu alipokuwa kazini, nikaanza kusasisha BIOS. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na nane. Ikasimama! Nikasubiri dakika mbili nzima. Tatu. Mimi mashine nazijua, hii ilikuwa imelala. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, kidogo tu, kuishtua. Haikushtuka. Nikakishikilia.

Ikazima. Haijawaka tena.

Mke wangu aliporudi nikamwambia umeme ulikatika. Mama mkwe akauliza ulikatika vipi, wakati feni ya chumbani kwake haikusimama hata kidogo. Mama huyu hana dogo! Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa kitandani na viatu vyake, akafunika uso. Afadhali angepiga kelele. Nimeona aibu, naandika hapa tu.

Alhamisi, 6 Juni

Injinia amekuja na mkoba wake. Hakunisalimia vizuri. Akanyofoa diski, akamwambia dada yake ripoti zimo humo, si kwenye ubao, na ziko salama. Mke wangu akacheka huku anafuta machozi. Wakaondoka pamoja, akamalizie kwa kaka yake.

Jioni Injinia akarudi na kibanio chenye nyaya, akakibana kwenye kichipu na kuandika BIOS upya. Kisha akaweka prosesa mpya. Akauliza kama nilisoma sharti la nne. Nikasema nikumbushe. Lilisema: hata ikionekana imeganda, usiguse. Nikamwambia jambo zito kama hilo huandikwa la kwanza. Mama mkwe alicheka mpaka akapaliwa.

Jumamosi, 8 Juni

Ripoti zilifika jana kwa wakati. Kompyuta inawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Jirani aliuliza nani ameitengeneza, nikamwambia mimi nilisimamia. Mke wangu amebandua kibandiko kwenye pasi na kukibandika kwenye kompyuta.

Jumapili, 9 Juni

Habari njema! Kampuni ya ubao imetoa BIOS mpya zaidi. Nimempigia Injinia. Kasema kompyuta isiyougua haipewi dawa. Anaogopa nitamzidi.

Mke wangu na mama yake wametoka. Fleshi ni safi. Faili ni la ubao huohuo. Umeme upo. Masharti matatu yote nimeyatimiza. Kibandiko kinasema USIGUSE, lakini mwandiko ni wangu, na mimi sijawahi kujikataza jambo.

Asilimia ishirini. Thelathini. Arobaini na moja.

Imesimama. Nadhani imelala. Nitaishtua kidogo tu.