Kaaha Asigombee, Tunywe Chai kwa Amani

Waberi, Garissa
Desemba 1997

Kwa Bwana Msimamizi wa Uchaguzi,

Asalaam aleikum. Na kama wewe si wa salamu hiyo, basi pokea habari za asubuhi pamoja na heshima zangu zote.

KUH: MWENYE HOTELI YA CHAI KUGOMBEA UDIWANI

Naandika nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Garissa mpaka nilipostaafu, na katika kazi hiyo nilitafsiri uongo wa watu wengi bila kuongeza wangu hata chembe. Kwa hiyo ninayokueleza hapa uyachukue jinsi yalivyo.

Yuko mama mmoja hapa Waberi anayeitwa Kaaha, mwenye hoteli ya mabati nyuma ya soko. Hoteli yenyewe haina jina, wala haijawahi kulihitaji. Chai yake ni ya maziwa ya ngamia, ina tangawizi na hiliki, na pale mtu hukaa palipo na nafasi, si palipo na watu wa ukoo wake. Wewe ni mgeni huku, kwa hiyo nikufafanulie kwamba mahali kama hapo hapapatikani kwingine mjini. Watu wawili wakigombana, Kaaha huwaletea birika moja na vikombe viwili, na kwa desturi yetu ni aibu kujimiminia huku mwenzako ameshika kikombe kitupu. Nimewaona watu waliorushiana matusi mahakamani asubuhi wakimiminiana chai pale kabla ya adhuhuri.

Sasa Kaaha anataka udiwani. Hakutumwa na wazee wa ukoo wowote wala hakubarikiwa na mkubwa yeyote. Kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kusimama bila chama, ameazima chama kidogo ambacho sijawahi kumwona mwanachama wake mwingine. Madhara yaliyonipata tangu atangaze ni haya:

1. Asubuhi ya kwanza nilikunywa chai yangu nikalipa, kama kawaida. Kabla ya alasiri wazee wa ukoo wetu walikuwa wamesikia kwamba nimemchangia Kaaha fedha za kampeni. Nikaitwa. Wazee wetu walikwisha kukubaliana juu ya Diriye, mtoto wa kaka yangu, kijana mpole anayeuza matairi Nairobi, ambaye huja Waberi kwa harusi na kuondoka kabla vyombo havijaoshwa. Nikaulizwa kama sina haya.

2. Kesho yake, ili kuondoa shaka, nilikunywa bila kulipa. Ikasemwa nimenunuliwa kwa kikombe cha chai. Siku iliyofuata nikaagiza maji matupu. Ikasemwa nimegoma, na kwamba lazima kuna siri kati yangu na Kaaha. Mwishowe nikajaribu kunywa nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Kaaha akaniambia, "Adeer, mlango huo niliuweka watu waingie." Adeer kwetu ni ami, na yeye humwita hivyo kila mzee anayemheshimu, kwa hiyo sikupata hata nafasi ya kukasirika.

3. Hili ndilo linaloniuma. Muse, dalali wa ng'ombe, amekuwa mwenzangu wa mezani tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Yeye ni wa ukoo mwingine, na hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote: si mvua, si umri wa fahali, si njia ya mkato ya kwenda Hadado. Naye ameitwa na wazee wake kama mimi nilivyoitwa na wangu. Siku hizi anakunywa chai katika hoteli ya watu wao karibu na soko la mifugo, chai yenye ladha ya moshi na sufuria. Mimi nimewekwa katika kibanda cha kampeni cha Diriye, ambako kila nisemalo wote wanaitikia. Niliwahi kusema makusudi kwamba ngamia mzuri ni yule anayenyweshwa maji kila siku. Wakaitikia, na mmoja akapiga makofi. Nimechoka kukubaliwa, Bwana Msimamizi. Juzi nilipishana na Muse njiani. Yeye akaangalia viatu vyake, nami nikaangalia vyangu. Nilirudi nyumbani nikiwa mpweke kuliko siku niliyostaafu.

4. Lalamiko la nne lilihusu Kaaha kuwa mwanamke. Nimelifuta. Mke wangu Timiro aliomba nimsomee barua hii, na nilipofika hapa niliona inafaa tuendelee na la tano.

5. Kampeni yake inaharibu soko la ahadi. Wagombea wengine wametuahidi barabara ya lami hadi Wajir, na hospitali, na mmoja ametaja chuo kikuu. Kaaha alipopewa nafasi ya kuzungumza uwanjani, alisimama, akafuta mikono kwenye mtandio wake na kusema, "Mtaro wa nyuma ya soko umeziba. Nitaanza na huo." Kisha akaketi. Watu walingoja aendelee, wasijue kwamba amemaliza. Na kwa mvua hizi, ambazo zimeugeuza mtaa wetu kuwa dimbwi, hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema mtaro haujaziba.

Hebu fikiria matokeo yake. Mtaro ukizibuliwa, maji yataondoka. Maji yakiondoka, mbu watapungua; mbu wakipungua, watu watalala usingizi, wataamka wazima, na mtu mzima aliyelala vizuri ataanza kuuliza ilikuwaje mtaro ukaachwa umeziba miaka yote hii. Madiwani waliokuwepo ni watu wenye familia zao, na sioni kwa nini wasumbuliwe uzeeni.

6. Akishinda, asubuhi atakuwa barazani kwenye manispaa, na chai itapikwa na binti yake Barni, ambaye hutia sukari kama anayepima dawa. Tena simwamini Kaaha na wale madiwani. Atawaketisha wawili wawili na birika moja, waanze kumiminiana, vikao vimalizike kwa maelewano, na sisi wananchi tukose la kuzungumza.

Lakini akishindwa itakuwa mbaya zaidi. Atarudi kwenye jiko lake akijua fika ni nani kati yetu hakumpigia kura, na atatumiminia chai vilevile kama zamani, kikombe kimejaa, bila neno. Kikombe hicho mimi sitaweza kukimeza.

Kwa sababu hizo naomba jina la Kaaha lisipokelewe ofisini kwako. Kama sheria haina kifungu kinachohusu chai, basi atangazwe diwani sasa hivi bila kura, ili ugomvi uishe kabla ya mwezi wa Ramadhani na kila mtu arudi mahali pake. Na kama hilo nalo ni zito, naomba unipatie cheti chenye muhuri wa serikali, kinachosema kwamba Warfa Abdille akionekana ameshika kikombe, anakunywa chai tu. Nitakivaa shingoni hata msikitini.

Nakutakia uchaguzi usio na kelele na barabara zinazopitika. Nisalimie makarani wako wote, na askari wa langoni ambaye huniita kwa jina, na dereva wako ambaye nasikia bado amekwamishwa na mafuriko, na familia yako huko bara. Timiro naye anakusalimu, ila amesisitiza niandike kwamba salamu zake zisihesabiwe kuwa ameunga mkono barua hii.

Ni mimi, raia mtiifu niliyekosa pa kukaa,

Warfa Abdille
Mkalimani wa Mahakama (Mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa njiani kukuletea barua hii mvua iliponikuta nyuma ya soko, na paa la karibu lilikuwa moja tu. Nikaingia kwa Kaaha. Muse alikuwa ndani, naye amekimbia mvua hiyohiyo. Tukakaa bila kutazamana. Kaaha alikuwa akipanga vyombo, na bila kutuomba chochote akatueleza kwamba hatagombea tena. Uteuzi unafungwa kesho, na hajapata mtu wa kumpendekeza wala wa kumuunga mkono, kwa kuwa kila aliyemwendea anawaogopa wazee wa ukoo wake. Akasema si neno, mambo yatarudi kama yalivyokuwa.

Yaani ombi langu lilikuwa limekubaliwa kabla hujalisoma. Nilingoja nifurahi. Badala yake niliona aibu, tena aibu nzito, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale aliowaendea, nami nilijifanya nina mafua. Ndipo Muse akauliza kama kuna mtu mwenye kalamu. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikamwambia mwenye kalamu ndiye huanza kutia sahihi. Akaniambia kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mkalimani aliyemtangulia dalali. Tulibishana mpaka mvua ikakatika, sauti zetu zikisikika hadi sokoni, na Kaaha alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Diriye nitamweleza mwenyewe, na wazee pia. Barua hii nakuletea hata hivyo, kwa kuwa nimeiandika vizuri, lakini usiifuate. Sahihi yangu ya kweli ni ile iliyo kwenye karatasi ya uteuzi ya Kaaha. Utaona jina la Muse limewekwa juu ya langu. Hilo ndilo lalamiko langu pekee lililobaki, na naomba lishughulikiwe.