Maana Kumi na Nne za "With"

Jumatatu, 1 Julai 2024. Kilwa Masoko.

Mwanahija bado yuko kwao Mchinga. Leo siku ya sabini na moja. Alikwenda kumzika mama yake, arobaini ikapita, hakurudi. Sikugombana naye. Sikumpiga. Sikuongeza mke. Nimezipitia sababu zote kwa mpangilio na sioni hata moja inayonihusu.

Wanafunzi wa leo: saba. Mwezi uliopita walikuwa kumi na mmoja. Wanne wamehamia kwa Lightness, binti wa Kimakonde wa mtaa wa pili, anayefundisha Kiingereza kwa nyimbo. Nyimbo! Mimi nafundisha kwa utaratibu. Sasa niko kwenye neno "with". Nimelipatia maana kumi na nne, kila moja na mfano wake. Lightness anafundisha mbili tu: "pamoja na" na "kwa kutumia". Basi!

Jioni nimechemsha mihogo. Haikuiva. Nimeila.

Jumanne, 2 Julai.

Nimekwenda kwa Mzee Fakihi, mshenga aliyeniposea. Nimemwomba tufuatane Mchinga Jumapili kufanya suluhu. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza msibani nilikaa siku ngapi. Nikamwambia ukweli: tulizika adhuhuri, alasiri nikaondoka. Kesho yake wanafunzi walikuwa na jaribio. Lakini nilituma rambirambi ya kupigwa chapa, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Nani mwingine aliyeleta maandishi?

Mzee Fakihi akasema: "Ismael, watu walilala chini siku tatu. Wewe umeleta karatasi."

Hajasoma sana.

Hata hivyo amekubali. Masharti yake nimeyaandika na kuyapigia mstari. Kwa Mzee Tawakali, baba mkwe, mambo mazito hayasemwi. Nitakaa mkekani, nitainamisha kichwa, atasema yeye. Mwanamke haulizwi mbele za watu kama anarudi. Jibu linaonekana wakati wa chakula. Akija shemeji yangu Salima na maji ya kunawa, basi, tule tuage. Akija Mwanahija mwenyewe na birika, amesamehe. "Hapo wewe nyoosha mikono, unawe, ule, na mdomo uufunge. Umesikia, mwalimu?"

Nimesikia. Lakini nina mpango wa ziada. Mzee Tawakali alipokubali posa alisema anamwoza binti yake kwa mtu msomi. Sasa amesahau. Nitamkumbusha.

Alhamisi, 4 Julai.

Nimenunua karatasi mbili kubwa za manila, nikaziunga kwa gundi. Maana kumi na nne kwa kalamu za rangi nne. Kazi ya saa sita. Imependeza mno! Nikageuka kumwita mtu aione. Hakukuwa na mtu.

Dukani nilikutana na Lightness. Akaniamkia vizuri, akauliza habari za mke wangu. Nikasema anakuja. Akasita, kisha akaniambia jambo. Eti mwezi wa tatu Mwanahija alikwenda kwake kwa siri. Alitaka kufundishwa sentensi moja tu. "Alisema akikwambia kwa Kiswahili husikii, mwalimu. Alitaka kukwambia kwa Kiingereza, njoo ule na mimi."

Nilishikwa na hasira mpaka kalamu nilizonunua zikaniponyoka. Mke wangu! Kwa mwalimu wa nyimbo! Na kwa sentensi gani? "Eat with me." Maana ya kwanza kabisa! Wanafunzi wangu huimaliza siku moja. Nikamuuliza Lightness alimfundisha kwa mbinu gani. Akaniangalia, akachukua mkate wake, akaondoka. Hana mbinu, ndiyo maana hakujibu.

Nakumbuka Machi hiyo. Kila jioni alikuwa akiweka sahani mbili, anakaa, anatazama mlango wa sebuleni. Mimi nilikuwa nasahihisha. Nikitoka, yangu nilikuta imefunikwa kawa. Alikuwa akifunika vizuri sana.

Jumapili, 7 Julai. Mchinga.

Siku kubwa. Naandika yote kwa mpangilio.

Tumefika saa tano. Shikamoo kwa wazee, marahaba kwetu. Wazee wanne mkekani, nyuma ya nyumba, kivulini. Wanawake upande wa jikoni. Mzee Fakihi alisema maneno mazuri, mafupi. Mzee Tawakali akasema msiba ni wa watu wote, na aliyeondoka mapema huenda alikuwa na dharura. Nikaona wazee wanatikisa vichwa kwa upole. Mambo yalikuwa yanakwenda!

Kisha akasema: "Najua mkwe wangu ni mtu wa elimu."

Hapo ndipo penyewe. Nikasimama. Nikaitoa manila begini, nikaibana kwenye kamba ya nguo kwa vibanio vinne. Mzee Fakihi alinivuta suruali. Sikukaa. Nikaanza maana ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikizionyesha kwa fimbo. Maana ya sita ni hali ya moyo, na mfano wangu ulikuwa mtu anayelia kwa huzuni. Upande wa jikoni vyombo vikaacha kugongana. Umakini kama huo sijaupata darasani kwangu hata siku moja.

Nilipofika maana ya tisa, yaani kuwa na kitu mkononi, akatokea Mwanahija.

Mwenyewe. Birika mkono wa kulia, beseni wa kushoto, taulo begani. Amekonda. Amejifunga kanga ya marehemu mama yake, ile ya maua ya zambarau. Amekuja moja kwa moja kwangu. Mzee Fakihi akakohoa kwa nguvu.

Na mimi nikaona bahati iliyoje! Maana ya tisa, hai, inatembea! Nikamwambia: simama hapo hapo, Mwanahija, usisogee. Nikawaelekezea wazee kwa fimbo: "A woman with a kettle." Nikarudia mara tatu. Nikawaomba wanifuatishe. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa amesinzia, akaitikia amina.

Birika lilikuwa limejaa. Mkono ulianza kumtetemeka, maji yakadondoka miguuni kwake. Nikamwambia avumilie kidogo, nimalizie na maana ya kumi. Akaniangalia. Sijui niandikeje. Aliniangalia kama mtu aliyekwenda mbali kufuata nyumba, akaikuta imebomolewa.

Akaliweka birika mchangani, polepole, lisimwagike zaidi. Akaingia ndani.

Baadaye Salima alikuja na maji mengine. Nikanawa. Wali wa nazi na changu wa kukaanga. Hakuna aliyesema neno. Ukimya wa heshima. Mzee Tawakali alikula matonge matatu akaenda kuswali, na maana tano za mwisho hakuzisikia. Nikamweleza Mzee Fakihi njiani. Alitazama dirishani hadi njia panda ya Nangurukuru.

Jumanne, 9 Julai.

Nimetafakari. Akija Mwanahija na birika, amesamehe. Akija Salima, hakuna kitu. Walikuja wote wawili! Masharti ya Mzee Fakihi hayasemi chochote kuhusu wote wawili. Ndiyo hasara ya mambo yasiyoandikwa. Kwa maoni yangu aliyetangulia ndiye anayehesabika.

Kwa hiyo anarudi. Nimefagia. Nimeanika godoro. Nimeosha kile kikombe chake cha bluu kisicho na mkono, asichotaka kitupwe. Mabenchi sikuyatoa sebuleni, darasa linaendelea, lakini nimemwekea nafasi benchi la mbele.

Alasiri nilikwenda stendi kupokea magari ya kutoka Nangurukuru. Mawili. Walishuka watu wengi.

Jumatano, 10 Julai.

Stendi tena. Magari matatu. Mwanamke mmoja wa kimo chake alishuka, nikampungia mkono. Hakuwa yeye. Akanipungia pia, kwa adabu.

Wanafunzi wanne.

Ijumaa, 12 Julai.

Mzee Fakihi amekuja baada ya swala. Nikamkaribisha kiti, akasema kusimama kunamtosha. Ametoka Mchinga. Mzee Tawakali anaomba nimwandikie binti yake karatasi yake. Talaka moja, kwa amani, bila maneno. Mahari hawana ugomvi nayo. Hana kinyongo mtu.

Nikauliza Mwanahija mwenyewe amesemaje. Mzee Fakihi akatazama manila yangu ukutani. Akasema: "Kasema neno moja tu, mwanangu. Kasema, nilimletea maji, akanisimamisha."

Nikasema lakini ulikuwa mfano mzuri.

Akanishika bega, akaliacha. Akaenda zake.

Nilifunga mlango. Nililia, naandika ukweli, karibu dakika kumi. Kisha wanafunzi wakabisha hodi. Walikuwa watatu. Nikawafundisha.

Jumapili, 14 Julai.

Nimekataa kushindwa. Mtu hawezi kuacha ndoa ya miaka tisa kwa sababu ya birika.

Karatasi nimeiandika, kwa kuwa wazee wameomba na mimi ni mtu wa heshima. Mzee Fakihi alitaka mistari mitatu na mashahidi wawili. Mistari mitatu! Yangu ina kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni talaka yenyewe, kwa mwandiko wangu bora. Nilikosea kwenye jina lake, nikairudia mara tano. Kurasa mbili zinazofuata nimefafanua kwa kituo maana ya kumi hadi ya kumi na nne, ambazo Mchinga hawakuzipata. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Walikatisha somo katikati. Wangesikia lote wangeelewa.

Ukurasa wa nne ni wake peke yake. Nimeweka maswali matano, na chini ya kila swali nimemwachia nafasi ya kutosha kujibu. Akimaliza itabidi alete mwenyewe, nisahihishe.