Kifundo Changu na Moshi Uliooga

Jumamosi, 4 Oktoba. Amman. Mwaka na nusu tangu nitoke kwetu Sohag.
Kifundo cha mguu wa kulia kimekwisha. Ndiyo malipo ya kuchuchumaa ujana wote nikipanga vigae vya watu! Daktari Lubna kasema ataunga mifupa ya kifundo kwa skrubu, iwe mfupa mmoja. Hakitapinda tena, lakini hakitauma. Nimekubali kabla hajamaliza. Binti yangu Sabah anaolewa baada ya Idi, nami nimeapa kucheza ngoma ya fimbo harusini, si kuketi kitini kama gunia. Sharti moja: nisivute sigara mpaka mifupa ishikane. Moshi huuzuia mfupa kuota. Sigara? Mimi? Nikaapa papo hapo!

Jumapili, 12 Oktoba.
Nimepasuliwa. Hogo la plasta hadi gotini. Shahat, fundi mwenzangu wa chumba kimoja, kashika nafasi yangu kazini na anatembea kama bwana harusi. Nimemtuma mkaa wa shisha na tumbaku yenye harufu ya matofaa. Kauliza kama nimesahau kiapo. Nikamweleza taratibu, maana kichwa chake kigumu: nilichoapa kuacha ni sigara. Moshi wa shisha hupita majini, unaoga kwanza. Kasema basi na mguu wangu ukaoge, unanuka.

Alhamisi, 27 Novemba.
Kliniki. Daktari Lubna kanusa hewa. “Ami, mbona unanukia matofaa?” Nikasema sabuni. Shahat, aliyenishika bega, akapata kikohozi cha ghafla. Mnafiki!

Jumapili, 11 Januari.
Msiba. Picha ya eksirei inaonyesha mwanya mweusi palepale. Mifupa haijashikana. Shahat kamwaga yote: shisha, mkaa, hata idadi ya vichwa vya tumbaku kwa usiku! Nikajitetea kwamba moshi ule umeoga. Daktari kasema, “Ami, hata ukioga na ukaswali, moshi ni moshi.” Mguu utapasuliwa tena. Idi nitakuwa bado kwenye hogo. Nimempigia Sabah. Kasema atanitafutia kiti chenye mto. Kiti! Nimelia kidogo. Shahat kajifanya haoni.

Jumatatu, 12 Januari.
Sikulala, nikawaza. Kosa nimeliona: maji! Maji yanaosha tu, hayajengi. Na kinachojenga mfupa ni nini? Kila mama anajua. Nimemtuma Shahat maziwa lita mbili, nijaze chupa ya shisha. Kanitazama kama anayeona maiti amekaa kitako. Hana elimu.
Sabah, rudisha hicho kiti. Siku ya Idi niko Sohag, na fimbo mkononi.