Cherehani ya Shangazi Ndani ya Albamu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka kidogo, kisha jua likatoka kama mtu aliyechelewa kazini. Mtu mmoja aliyeitwa Asali, kwa ajili ya utamu wa mdomo wake, alikuwa kwa kinyozi. Kwenye benchi maprodyuza wawili wa tekno, ule muziki wa mashine na besi, walikuwa wakilalamika.

"Hakuna lebo ya muziki inayotutaka. Bila jina kubwa pembeni, nani atatusikiliza?"

Asali aligeuka ghafla hata kinyozi nusura amkate sikio.

"Ndugu zangu, mnaongea na mwenye lebo! Natoa albamu ya mkusanyiko, wakongwe na chipukizi pamoja. Mkongwe mwenyewe ameshanipa wimbo."

"Mkongwe? Acha kututania!"

Huyo Mkongwe ndiye aliyeufundisha mji mzima kucheza tekno, na kwa miaka mingi hakuwa ametoa wimbo.

"Nitanie kwa jina la mtu mzima? Leteni nyimbo zenu, na ada ya kushiriki. Waambieni na wenzenu."

Lebo hakuwa nayo, wala wimbo. Alichokuwa nacho ni shangazi, mshonaji, aliyemlisha na kumlaza. Siku ya pili aliacha simu ikirekodi chini ya cherehani ya shangazi, akarudi kitandani. Baadaye akaongeza besi, akasikiliza dakika moja: ta-ka-ta-ka, dum, ta-ka-ta-ka, dum. Akatosheka: huo ndio ungekuwa wimbo wa Mkongwe. Kwake yeye, aliyesikia mwanzo wa tekno ameshasikia na mwisho. Mungu amsamehe, hapo ndipo alipojimaliza.

Uzinduzi ulifanyika wiki chache baadaye, mchana, katika gereji iliyoondolewa magari. Ada zote zilikuwa ndani ya begi moja, na begi lilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Wimbo wa Mkongwe ukikolea, Asali angetoweka. Shangazi alikuja na majalada ya kitambaa aliyoyashona kwa ajili ya albamu, akiamini mtoto amepata kazi ya halali. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa machozi.

Kisha akaingia Mkongwe mwenyewe. Habari za wimbo wake zilikuwa zimemfikia.

Asali alirudi nyuma kuelekea begi. Lakini ta-ka-ta-ka ilikuwa imeanza, na watu walikuwa wanaruka. Mkongwe aliwatazama kwa tamaa, akachukua maikrofoni.

"Wimbo huu nimeuhangaikia miaka! Mnayoisikia ni treni ya moyo wangu!"

Asali nusura ambusu. Akaliinua begi. Ndipo spika zikasema, kwa sauti ya mama mtu mzima:

"Ee Mungu, mkumbuke mtoto wa kaka yangu. Mwondolee uongo mdomoni. Mwamshe kabla ya saa sita. Na aache kuniibia sukari. Amina."

Ta-ka-ta-ka, dum.

"Amina!" waliitikia wachezaji, wakazidi kuruka.

Shangazi aliyatua majalada. "Hiyo ni cherehani yangu! Na anayeomba ni mimi!"

Muziki ukazimwa.

"Mkongwe," aliuliza prodyuza mmoja, "kumbe treni ya moyo wako inaendeshwa kwa pedali?"

"Nisamehe, mama," Mkongwe alisema, ameinamisha kichwa. "Niliona watu wanacheza, nikatamani wawe wanacheza wimbo wangu."

"Na wewe," Shangazi alimgeukia Asali, "begi unalipeleka wapi?"

"Nalilinda, Shangazi."

"Lete nikusaidie." Akalichukua, akaliweka kwenye kiti, akalikalia.

Maprodyuza walikuwa wameshakunja mikono ya mashati. Shangazi akawauliza, "Nyimbo zenu ni nzuri?"

"Nzuri, mama. Tumezihangaikia kweli."

"Basi zitatoka. Majalada nimeshashona, siwezi kuyafumua. Asali, panda juu ya spika uwaahidi. Sitaki la kunong'ona."

Asali alipanda. Kwa mara ya kwanza alitafuta neno tamu, akalikosa.

"Mbele yenu wote," alisema, "na mbele ya shangazi yangu, naahidi: albamu itatoka, na hakuna wimbo wenu utakaoachwa. Mkongwe atatengeneza wake mwenyewe. Wa kwanza utakuwa wa Shangazi, kwa jina lake, pamoja na maombi yake yote." Akamtazama aliyekalia begi. "Na sukari nitanunua."