Mlango Wangu na Ripoti Yenu ya Maadili ya Vijana

Ndugu Afisa wa Vijana,

Salamu kwako na kwa ofisi nzima, hasa karani anayenitafutia kiti kila nikija. Mimi ni mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, ile isiyo na mlango. Kwa nini haina, nitaeleza taratibu; mazoea ya chaki hayatoki kwa maji.

Ripoti yenu imelinganisha maadili ya vijana wetu na ya vijana wa nchi za mbali, ikatuweka mkiani. Kwa sababu hiyo mmefunga karakana ya kuchomelea ya vijana wetu. Nalalamika ifuatavyo:

1. Mliuliza: ukikuta mlango wa jirani uko wazi, utaingia? Wa huko walijibu hapana. Wetu walijibu ndiyo, nanyi mkaandika "dalili za wizi". Ndugu Afisa, hapa mtaani kijana akiona mlango wa mzee uko wazi akapita zake, mama yake mzazi humuuliza amelelewa na nani.

2. Mliuliza tena: umewahi kuvunja mali ya mtu? Mjukuu wangu, binti fundi wa kuchomelea vyuma, alijibu ndiyo, mlango. Hakuna aliyemuuliza wa nani. Ulikuwa wangu, wa mbele, wa bati. Nilikuwa nimeteleza bafuni, nimelala chali, povu masikioni, naita. Aliupiga teke, bawaba zikang'oka. Alipokwisha kunifunika taulo akasema, "Babu, siku nyingine ukitaka kuanguka, usitie komeo." Nadhani na hilo lina kisanduku chake kwenye ripoti.

3. Kijana mwenye maadili mnayoyasifu angesimama nje kwa heshima, akingoja nimkaribishe. Ningekufa katika nidhamu ya hali ya juu kabisa. Nawahurumia wazee wa huko. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, tuletewe vijana wao ishirini tuwaharibu kidogo. Tutawarudisha wakiwa wavunja milango waliohitimu.

4. Mashine ya kuchomelea imo karakanani, na karakana ina kufuli lenu. Mlango wangu umeegemea ukuta. Mbuzi wa jirani, ambaye hamkumhoji, analala sebuleni. Hayo navumilia. Lakini mjukuu wangu amesema kazi ikikosekana hadi mwisho wa mwezi atahamia mji mwingine. Hapo nitapata seremala wa kunitengenezea mlango mzuri, nami sitakuwa na mtu wa kuuvunja.

Ifungueni karakana, Ndugu Afisa.

Wasalimie wote nyumbani, na aliyeandika ripoti pia. Mwambie aoge kwa uangalifu.

Wako katika kuelimishana,
Mwalimu wa nyumba ya kona

Tanbihi: Nilipokuwa chumbani natafuta bahasha, vijana wameingia, wamenisalimu vizuri, wamemaliza chakula changu cha jioni na kuondoka na redio, eti wanakwenda kuitengeneza. Haikuwa imeharibika. Karakana ikifunguliwa, kazi ya kwanza iwe mlango wangu. Uwe wa chuma kizito, makomeo mawili, yote ya ndani.